Kitabu cha picha kwenye kipindi cha muziki: jibu kwa mwalimu wa Kasulu

Swali lilikuja hivi: "Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha darasa la pili, shule ya kijijini huku Kasulu. Muhula huu nimepewa na kipindi cha sanaa na michezo, sijasomea muziki na shule haina kinanda wala ngoma. Kwenye kabati la ofisi nimekuta vitabu vichache vya hadithi vyenye picha, mwenzangu ananiambia hivo vinafundishia muziki vizuri tu. Nimejaribu kuwasomea, wanakaa kimya wanasikiliza, hadithi inaisha, muziki sijauona. Watoto ni wengi na kitabu ni kimoja. Nafanyaje? Lazima nijue kusoma nota? Na kuna mtoto mmoja hasikii vizuri, yeye nimweke wapi?"

Marahaba mwalimu, na asante kwa kuuliza, maana wengi wakipewa hicho kipindi wanakigeuza cha hesabu au wanawatoa watoto nje wakacheze mpira mpaka kengele ilie, basi. Mwenzako kasema kweli. Kwa darasa la kwanza na la pili, kwenye shule isiyo na vyombo, mi sioni zana inayokizidi kitabu cha picha. Ila kuna kitu hajakwambia, kitabu chenyewe hakina muziki ndani, muziki unautia wewe, tena sehemu moja au mbili tu ulizozichagua kabla hujaingia darasani. Ukikisoma kama unavyosoma kwenye kipindi cha kusoma utapata kipindi cha kusoma, ndo hicho kilichokutokea.

Na wala si jambo geni kwetu. Fikiria ngano za jioni, msimuliaji anasema paukwa, mnaitika pakawa, hadithi inaenda, mara mhusika anaimba na wote mnaitikia, hadithi inaendelea, afu wimbo uleule unarudi, na kila ukirudi mambo yamezidi kuharibika au yanaanza kutengemaa. Watu wazima wengi ngano yenyewe wameshasahau nusu lakini kile kiitikio wanacho mpaka leo, waanzishie uone. Kitabu cha picha kimechukua mpangilio huohuo kikaweka picha, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kutafuta kiitikio kilipo, au kukitunga kama hakipo.

Sasa tuanzie kwenye kuchagua. Vitoe vyote kabatini, kaa navyo peke yako, soma kila kimoja kwa sauti huku unapiga paja taratibu, kasi ya mtu anayetembea hana haraka. Unasikiliza kama kuna sentensi inayorudi kila baada ya ukurasa au kurasa mbili, na kama ikirudi inakaa vizuri kwenye yale mapigo ya paja bila kuilazimisha. Afu tafuta milio: kitu kinaanguka majini chubwi, tunda linaanguka chini pu, nafaka inamwagika mwaa, kijiti kinakatika kacha, mtu anaangukia matope tapwi. Kiswahili kimejaa hizi tanakali za sauti na kwa mwalimu wa muziki ni mali kubwa, maana pu ni fupi na nzito, mwaa ni ndefu na inafifia, kacha ni kali na kavu, hapo tayari una sauti ndefu na fupi, nzito na nyembamba, na hujanunua chombo chochote. Kitabu chenye aya ndefu kila ukurasa kirudishe kabatini, kina kazi yake kwingine. Chenye vipicha vingi vidogo vilivyobanana nacho pia kiache, mtoto wa dawati la nyuma hataona kitu.

Kama umepata chenye picha nzuri lakini hakina sentensi ya kurudia, itunge wewe mwenyewe. Ngoja nikupe mfano niliotunga sasa hivi ili tuongee kitu kimoja. Tuseme hadithi ni ya bibi anatoka sokoni na kikapu kilichotoboka, kila ukurasa kinadondoka kitu, mjukuu anamfuata nyuma anaona. Kiitikio chetu kiwe hivi:

Mjukuu: Bibi, bibi, kitu chini!
Bibi: Kitu gani? Embe, pu!

Piga paja uhesabu. BIbi ni pigo la kwanza, BIbi la pili, KItu la tatu, CHIni la nne. Mstari wa pili KItu, GAni, Embe, PU. Angalia nilivyofanya, Kiswahili kwa kawaida kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, bi kwenye bibi, ga kwenye gani, kwa hiyo pigo zito nimelipeleka palepale mdomo unapokaza. Ukilipeleka kwingine ukaimba biBI, kiTU, watoto wataimba tu kwa sababu we ni mwalimu wao lakini maneno yatakuwa yamepinda. Hili naliona sana kwenye nyimbo za watoto zilizotafsiriwa haraka haraka, tuni imetoka ilikotoka, maneno ya Kiswahili yakabanwa humo, mkazo unaangukia silabi isiyohusika, na mimi kwa kweli linaniuma maana mtoto anajifunza lugha na muziki kwa mkupuo na vyote viwili anavipata vimevunjika.

Ukiamua kutumia kiitikio cha Kiha, na nakushauri sana utafute hata kimoja maana hao watoto wengi wamelelewa kwa Kiha nyumbani, uangalifu unaongezeka. Kiha ni lugha ya toni, sauti ikipanda au ikishuka inaweza kubadili maana, kitu ambacho Kiswahili hakina. Tuni yako isiende kinyume na maneno. Mwombe mama mmoja wa hapo kijijini aiseme hiyo sentensi polepole mara kadhaa, we sikiliza inapanda wapi inashuka wapi, afu wimbo ufuate njia hiyohiyo. Na wenzetu wa Tabora wanaofundisha watoto wa Kinyamwezi hili nao linawahusu vilevile.

Sasa darasani. Kipindi cha kwanza soma kitabu chote bila kukatisha, usimame kwenye kiitikio tu, ukiseme (usikiimbe bado) na wao wakirudie. Usianze kuuliza maana ya neno hili ni nini, huyu ni mnyama gani, anakula nini, kila ukurasa. Najua tumezoeshwa kuuliza, na kwenye kipindi cha kusoma ni sawa kabisa, lakini kwenye muziki kila ukisimama kuuliza mapigo yanakufa na kuyafufua inachukua muda, na kipindi chenyewe cha darasa la pili ni kifupi. Maswali yapeleke mwisho, au kipindi kingine.

Kipindi cha pili weka miguu. Wote wasimame, wakanyage papo hapo kushoto kulia kushoto kulia, polepole, bila kuacha hata we ukinyamaza. Hayo ndo mapigo. Miguu ikishatulia anza kiitikio juu yake. Watoto wengi watafanya kosa moja, miguu itaanza kufuata maneno badala ya kutembea sawasawa, kila silabi wanataka kukanyaga. Hapo ndo penye somo lenyewe la mwezi mzima mwalimu, usipite haraka! Mapigo yanatembea palepale hayabadiliki, mdundo wa maneno unacheza juu yake. Miguu ni ya mapigo, mikono ni ya silabi. Gawa darasa, upande wa dirishani miguu tu, upande wa mlangoni makofi ya silabi tu, mkimaliza mbadilishane, na mtoto atakayeweza vyote viwili kwa wakati mmoja utamjua kwa macho, uso wake unabadilika.

Hapa ndo zinaingia zile silabi za kusomea mdundo ulizowahi kuzisikia labda, ta na ti-ti. Pigo lenye sauti moja ni ta, pigo lililogawanywa sauti mbili sawa ni ti-ti. Kwa hiyo Bibi bibi kitu chini ni ti-ti ti-ti ti-ti ti-ti, na Kitu gani embe pu ni ti-ti ti-ti ti-ti ta. Silabi hizi zilienezwa sana na walimu waliofuata njia ya Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyeishi 1882 mpaka 1967, ambaye msimamo wake ulikuwa mtoto aanze kwa kuimba, tena nyimbo za lugha ya kwao, vyombo na nota baadaye. Mwenzake wa Ujerumani, Carl Orff, aliingilia mlango mwingine, maneno yanayosemwa kwa mdundo, makofi, mapaja, vidole, vishindo vya miguu. Kwa shule yako nachukua kwa wote wawili, kuimba kwa Kodály na mwili kwa Orff, vyote havihitaji fungu la ruzuku.

Kuandika nota ubaoni darasa la pili sikushauri. Chukua karatasi ya manila na maka peni, au kama hamna kata boksi, au fungua mfuko wa salfeti uupanue ukutani. Chora embe moja kubwa, hiyo ni ta. Chora maembe mawili madogo yamekaa pamoja, hiyo ni ti-ti. Chora kikapu kitupu, hicho ni kimya, pigo linapita lakini mdomo umefungwa na makofi yametulia. Panga manne kwa mstari, watoto wasome kwa makofi: madogo mawili, madogo mawili, kubwa, kikapu. Ti-ti ti-ti ta, kimya. Wamesoma muziki hao. Mtoto aje mbele abadilishe mpangilio, wenzie wasome alichokiandika, na hapo ametunga. Wakifika darasa la nne mtu akiwaletea nota zenyewe watakuwa wanajua tayari kinachoongelewa, watabadilishiwa alama tu.

Kile kimya kipe heshima yake. Watoto (na wakubwa pia) wanadhani muziki ni kelele zisizoachia nafasi. Njia rahisi niijuayo ya kufundisha kimya ni kupindua ukurasa: weka sheria kwamba kupindua ukurasa kunachukua mapigo manne kamili, miguu inaendelea kukanyaga, midomo imefungwa, ukurasa unapinduka polepole mpaka pigo la nne, afu la kwanza linalofuata ndo sauti zinarudi. Wataipenda kupita kiasi kwa sababu wanasubiri picha mpya, na wakati huohuo wanahesabu kimoyomoyo bila kuambiwa wahesabu.

Kipindi cha tatu ndo tuni. Tumia sauti mbili tu kwanza, so na mi, zile ambazo mtoto akimwita mwenzie kutoka mbali anaweza kuziimba bila kufundishwa. Bi-bi bi-bi ki-tu chi-ni iwe so so mi mi so so mi mi. Jibu la bibi liongeze sauti ya tatu, inaitwa la: ki-tu ga-ni e-mbe pu, so so la la so so mi. Zikishakaa ndo unaongeza re na do, labda pale bibi anapofika nyumbani, wimbo ushuke mi re do, wasikie kwamba safari imefika mwisho. Kama solfa, yaani haya majina ya sauti do re mi, hujui, hapo kijijini hakosi mwalimu wa kwaya, kanisa lolote utakalogonga, maana solfa hii ya d r m aliieneza John Curwen huko Uingereza karne ya 19, wamisionari wakatembea nayo, na kwaya zetu nyingi mpaka leo zinajifunza kwa hiyo. Mwombe nusu saa akuimbie hizo sauti tano, zirekodi kwenye simu, basi umemaliza. Nota hazikulazimu kwa kazi hii, masikio yanakulazimu.

Kitu kinachosahaulika na wengi ni kimo cha sauti. Mtoto wa darasa la pili sauti yake inakaa vizuri eneo la juu kidogo, kwa mwenye kinanda ni kuanzia ile re iliyo jirani ya do ya katikati mpaka sauti ya la au ya si hapo juu yake. Sisi watu wazima tunaanzisha wimbo chini kwa sababu ndo panapotufaa sisi, watoto wanashuka nasi, sauti inakuwa ya kukwaruza, na mwisho wa yote wanapiga kelele ili wasikike. Kama we ni mwanaume tatizo linakuwa kubwa zaidi, watoto wanasikia sauti nzito hawajui waishike wapi. Anzisha kwa sauti nyembamba laini, au mtafute mtoto mmoja mwenye sauti safi awe mwanzishaji, we umpe kasi tu. Ukisikia wanapiga makelele usiwaambie nyamazeni, waambie tuimbe kama bibi amelala, wenyewe watapata sauti nzuri.

Kuhusu wingi wa watoto na kitabu kimoja. Usikishike kifuani umesimama mbele tu, tembea nacho kati ya madawati wakati wa kiitikio, kiitikio kinakupa muda huo. Picha tatu au nne zenye kazi zichore kubwa kwenye salfeti, si lazima uwe mchoraji, kikapu, embe, bibi, njia ya mlimani. Afu gawa makundi, kundi moja ni mapigo, moja ni mjukuu, moja ni bibi, moja ni milio, na kila mkimaliza hadithi makundi yahame. Darasa kubwa kwenye muziki lina faida yake, kiitikio cha watoto wengi kinatetemesha bati, kwa hiyo usilionee huruma darasa lako.

Vyombo vije mwisho, vikitangulia watoto wanaona vyombo tu na hadithi haiendi. Dumu la mafuta ya mawese la lita 20 likishasafishwa ni ngoma nzuri yenye sauti nzito. Chupa ya maji yenye kokoto ni kayamba, yenye mchanga ni kayamba ya sauti laini. Vifuniko vya soda vilivyotobolewa na kufungwa kwenye waya, vijiti viwili vya mti mgumu, sufuria kuukuu na kijiko. Kila mhusika apewe sauti yake na asibadilishiwe, bibi ni dumu, mjukuu ni vijiti, mbuzi anayepita njiani ni vifuniko. Mtunzi wa Urusi Sergei Prokofiev mwaka 1936 alitunga hadithi ya watoto kwa okestra kwa mpango huu, ndege akapewa filimbi, paka klarineti, babu basuni, na okestra duniani kote bado zinaipigia watoto. Ninachokipenda kwenye huo mpango ni kwamba mtoto anasikia sauti bila kuona mtu na anajua nani anakuja. Fanya hivo na we, waambie wafumbe macho, piga vijiti, waulize nani huyo. Na uweke ishara moja ya kushusha vyombo chini, mikono mabegani, ifanyieni mazoezi kabla hata dumu halijapigwa mara ya kwanza, la sivyo mwalimu wa darasa la jirani atakuja kukuuliza kulikoni.

Picha zenyewe pia ni nota, hili wengi wanalipita. Kasulu milima mnayo, kwenye kitabu njia ya bibi inapanda na kushuka, weka kidole chako mwanzo wa njia uifuate taratibu, sauti za watoto zipande zikipanda zishuke zikishuka, uuuu. Kidole kikisimama sauti isimame hapohapo. Kitu kikubwa kwenye picha kiimbwe kwa nguvu, kidogo kwa sauti ndogo. Picha ya usiku iweje? Waulize wao, usiwape jibu, na wakisema iwe haraka kwa sababu giza linamtisha mjukuu kubali, ni sababu ya kimuziki kabisa hiyo. Kwa kasi ningekwambia utumie treni lakini treni mnaisikia Uvinza na Kigoma mjini, wako wengi pengine hawajaipanda wala kuiona, tumia mwendo wa baiskeli yenye mzigo, mlimani inavyosukumwa na kwenye mteremko inavyokimbia.

Kwa hesabu hii kitabu kimoja kitakaa na darasa wiki nne au tano, na iwe hivo. Nakuomba sana usibadilishe kitabu kila wiki. Watoto hawachoki na hadithi wanayoijua, sisi ndo tunaochoka. Na kwa kila kitabu chagua jambo moja la muziki, hiki cha bibi ni mapigo na mdundo, kinachofuata kiwe sauti za juu na chini, kingine kasi. Ukitaka yote kwenye hadithi moja hakuna litakaloshika. Na usiimbe kitabu kizima kuanzia jalada mpaka jalada, nimeona walimu wanafanya hivo, maneno yanakuwa mengi, tuni inabadilika kila sentensi, watoto wanageuka wasikilizaji tena.

Utajuaje kama wamejifunza muziki, si hadithi tu? Funga kitabu. Kifunge kabisa kiweke mezani, afu anza kukanyaga mapigo bila kusema neno uone kama wanaingia na kiitikio wenyewe kwenye pigo la kwanza. Wape sentensi mpya isiyo ya kitabuni, mfano "mama yangu anapika", waambie watafute makofi yake. Badilisha kasi uone kama wanakufuata au wamekariri kasi moja. Muziki ukipotea kitabu kikifungwa, bado, rudia wiki nyingine bila kukasirika. Ukibaki, endelea na kitabu kingine.

Baada ya kitabu cha kwanza au cha pili watengeneze chao. Kila dawati ukurasa mmoja, karatasi zishonwe kwa uzi. Ungekuwa Ujiji au Kibirizi ningesema hadithi iwe ya ziwani, taa za wavuvi wa dagaa usiku, kasia, nyavu kutupwa majini. Huko kwenu kuna kuchota maji, kupura maharage, kutwanga, na kutwanga kuna mdundo tayari, wawili wakipokezana kinuni watoto wanaujua kuliko mimi na wewe. Waachie wachague. Sehemu zenye familia nyingi za Kiislamu kama Ujiji watoto wanakuja na kaswida na mapigo ya dufu masikioni, wa makanisani wanakuja na kwaya, vyote vipokee, ila kiitikio cha darasa kiwe cha hadithi, kisimfanye mtoto yeyote ajione anaimba dini ya mwenzie.

Vitabu zaidi vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania tangu 1991 umekuwa ukisaidia vitabu vya watoto vya Kiswahili kutoka, vingine viko mashuleni mpaka leo havijafunguliwa, uliza shule za jirani muwe mnaazimana. Kwenye intaneti African Storybook wana hadithi za picha za bure, za Kiswahili ni nyingi, na leseni zao ni huria, unaruhusiwa kuchapa na hata kutafsiri ilimradi utaje mtunzi na mchoraji, maana yake kiitikio cha Kiha unaweza kukiweka kitabuni kabisa. Siku ukienda mjini ingia steshenari wakuprintie kurasa kubwa, nunua moja nzuri kuliko nyingi zisizoonekana.

Sasa yule mtoto asiyesikia vizuri. Mkalishe mbele, aone uso wako na kitabu, na wakati wa vyombo awe karibu na dumu, kiganja chake kikiwa juu ya ubavu wa dumu, mtetemo ataupata mkononi hata kama sikioni haufiki. Miguu ya wenzie ataiona. Kwa kweli kitabu cha picha kwake ni msaada mkubwa kuliko wimbo mtupu, maana anaona kinachokuja. Mpe zamu ya kupindua ukurasa, kwa ile sheria ya mapigo manne anayepindua ndiye anayeongoza darasa zima, kasi iko mikononi mwake, wote wanamwangalia yeye. Lakini zamu hiyo izunguke, wengine waipate, na yeye apate makofi, vijiti na kiitikio kama kila mtu, usimfungie kwenye kazi moja. Akiimba nje ya sauti mwache aimbe, na wenzie wakimcheka simamisha wimbo uliongelee hapohapo.

Na zungumza na mzazi wake ampeleke zahanati au hospitali masikio yaangaliwe, mapema kabla muhula haujaisha. Kwa watoto wa umri huo mara nyingine ni nta imejaa, au usaha wa muda mrefu ambao nyumbani wamezoea kuuona wakaacha, na hivo vinatibika. Wakimwambia tatizo ni la kudumu, jibu hilo lipeleke kwa mwalimu mkuu ili halmashauri wajue kuna mtoto anahitaji kifaa au mwalimu wa elimu maalumu, maana kwenye hesabu na kusoma nako anasikia nusu.